Radhabinod Pal

Radhabinod Pal (27 Januari 1886 – 10 Januari 1967) alikuwa mwanasheria, mwalimu na jaji Mbengali kutoka Uhindi. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kolkata kati ya miaka 1941 na 1943, kisha makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kolkata. Anakumbukwa hasa kama mmoja wa majaji 11 waliosikiliza kesi ya viongozi wa Japani mjini Tokyo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kati ya majaji hao, yeye peke yake aliona kwamba washtakiwa wote waachiwe huru katika mashtaka yote.

Uamuzi huo umemfanya aheshimiwe na kulaumiwa hadi leo. Mara nyingi husemwa kwamba Pal alisema Japani haikuwa na kosa. Hukumu yenyewe haisemi hivyo. Ndani yake alikubali kwamba askari wa Japani walitenda ukatili mkubwa, lakini alikataa kwamba sheria iliyokuwepo wakati wa matendo, pamoja na ushahidi uliotolewa mahakamani, vilitosha kuwatia hatiani watu waliokaa kizimbani.

Maisha ya awali na elimu

Pal alizaliwa katika kijiji cha Salimpur, eneo la Kushtia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Nadia katika Bengal chini ya utawala wa Waingereza. Leo Kushtia iko nchini Bangladesh. Familia yake haikuwa na mali, na alipata elimu kwa juhudi na kwa msaada wa watu waliotambua akili yake.

Hakuanza na sheria, bali na hisabati. Aliisoma katika Presidency College mjini Kolkata, mji ulioitwa Calcutta wakati ule, hadi akapata shahada ya uzamili. Alifanya kazi kwa muda kama karani katika ofisi ya hesabu za serikali mjini Allahabad. Baadaye alifundisha hisabati katika chuo cha Ananda Mohan mjini Mymensingh, Bengal ya mashariki.

Wakati akifundisha aliendelea kusoma sheria. Alipata shahada ya uzamili ya sheria mwaka 1920 na udaktari wa sheria mwaka 1924, zote kutoka Chuo Kikuu cha Kolkata. Utafiti wake wa udaktari ulihusu falsafa ya sheria ya Wahindu katika zama za Veda na zilizofuata, kabla ya kitabu cha sheria cha Manu. Swali la asili ya sheria, na la tofauti kati ya sheria na nguvu za mtawala, lilibaki naye maisha yake yote.

Wakili, mwalimu na jaji

Baada ya kuhamia Kolkata, Pal alifanya kazi ya uwakili mbele ya Mahakama Kuu na wakati huohuo alifundisha katika chuo cha sheria cha Chuo Kikuu kuanzia mwaka 1923 hadi 1936. Alibobea katika sheria za kodi ya mapato, na tangu mwaka 1927 alikuwa mshauri wa serikali ya Uhindi wa Kiingereza katika mambo hayo. Mara tatu, yaani miaka 1925, 1930 na 1938, aliteuliwa kutoa Mihadhara ya Sheria ya Tagore, heshima kubwa kwa mwanasheria wa Bengal. Mihadhara ya 1938 ilihusu makosa ya jinai katika uhusiano wa kimataifa. Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kulifikiria jambo hilo miaka minane kabla ya kwenda Tokyo.

Mahakama Kuu ya Kolkata ilianzishwa mwaka 1862 na ndiyo ya zamani kuliko mahakama kuu zote za Uhindi. Ilifuata taratibu za Kiingereza, lakini tangu mwanzo wake ilikuwa pia mahali ambapo Wabengali waliosoma waliweza kufikia cheo cha juu na kupima matendo ya serikali ya kikoloni kwa sheria ya serikali hiyohiyo. Pal alikaa kwenye kiti cha jaji wa mahakama hiyo kati ya miaka 1941 na 1943.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa Bengal. Japani iliiteka Burma mwaka 1942, na vita vikafika mpakani. Mwaka 1943 njaa kubwa iliua watu wasiopungua milioni mbili katika jimbo hilo, na Wahindi wengi waliona kwamba serikali ya kikoloni ilibeba sehemu ya lawama. Wakati huohuo Subhas Chandra Bose, kiongozi Mbengali, aliongoza Jeshi la Taifa la Uhindi lililopigana upande wa Japani dhidi ya Waingereza. Mwishoni mwa 1945 Waingereza walianza kuwashtaki maafisa wa jeshi hilo katika Ngome Nyekundu mjini Delhi, na ghadhabu ya umma ikaenea nchi nzima. Pal alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kolkata tangu 1944 hadi 1946, na wanafunzi wa mji huo walikuwa mstari wa mbele katika maandamano.

Kuteuliwa kwenda Tokyo

Japani ilisalimu amri mwezi Agosti 1945. Tarehe 19 Januari 1946 Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa majeshi ya washindi nchini Japani, alitangaza kuundwa kwa Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa ya Mashariki ya Mbali. Mwanzoni ilipangwa kuwa na majaji kutoka nchi tisa zilizotia sahihi hati ya Japani kusalimu amri. Tarehe 26 Aprili mkataba wa mahakama ulibadilishwa ili Uhindi na Ufilipino nazo ziwe na majaji wao.

Majaji walitoka Australia, China, Kanada, Marekani, Nyuzilandi, Ufaransa, Ufilipino, Uhindi, Uholanzi, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti. William Webb wa Australia alikuwa rais wa mahakama. Watatu tu walitoka Asia: Mei Ju-ao wa China, Delfin Jaranilla wa Ufilipino na Pal. Kesi ilifunguliwa tarehe 3 Mei 1946 katika jengo la zamani la wizara ya vita huko Ichigaya. Pal alifika siku chache baadaye.

Hali yake ilikuwa tofauti na ya wenzake. Aliteuliwa wakati nchi yake bado ilikuwa koloni, na aliwakilisha Uhindi kwa uteuzi wa serikali ya Kiingereza. Tarehe 15 Agosti 1947, kesi ikiwa inaendelea, Uhindi ulipata uhuru na Bengal ikagawanywa. Salimpur, kijiji alichozaliwa, kikawa upande wa Pakistan.

Kesi

Washtakiwa walikuwa 28: mawaziri wakuu wa zamani, majenerali, maadmirali, mabalozi na washauri. Aliyejulikana zaidi alikuwa Tojo Hideki, waziri mkuu aliyeongoza Japani ilipoingia vitani dhidi ya Marekani. Mfalme Hirohito hakushtakiwa. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 55, yaliyogawanywa katika makundi matatu: makosa dhidi ya amani, yaani kupanga na kuendesha vita vya uchokozi, mauaji, na makosa ya kivita ya kawaida pamoja na makosa dhidi ya ubinadamu. Shtaka la kwanza lilidai kwamba tangu mwaka 1928 hadi 1945 washtakiwa walishiriki njama moja ya kutawala Asia ya Mashariki na Pasifiki.

Mahakama ilisikiliza mashahidi 419 na kupokea hati za kiapo za watu wengine 779. Pal alirudi nyumbani mara kadhaa kwa sababu ya maradhi ya mke wake, hivyo hakuwepo kwenye vikao vingi. Alipokuwa Tokyo alitumia saa nyingi hotelini akisoma kumbukumbu za kesi na kuandika.

Hukumu ya mahakama ilisomwa kati ya tarehe 4 na 12 Novemba 1948. Washtakiwa wawili walikuwa wamefariki, na mmoja alionekana hana akili timamu. Wote 25 waliobaki walipatikana na hatia. Saba walihukumiwa kunyongwa, 16 kifungo cha maisha, mmoja miaka 20 na mmoja miaka saba. Majaji watano waliandika maoni yao wenyewe. Webb na Jaranilla walikubaliana na matokeo, ingawa kila mmoja alikuwa na hoja zake. Henri Bernard wa Ufaransa, Bert Röling wa Uholanzi na Pal walipinga, kila mmoja kwa njia yake. Maoni hayo hayakusomwa mahakamani. Yaliwekwa tu kwenye kumbukumbu.

Hukumu pinzani ya Pal

Hukumu ya Pal ina kurasa zaidi ya 1,200. Imegawanywa katika sehemu saba, na mpangilio wake unafuata hatua kwa hatua: sheria kwanza, kisha maana ya vita vya uchokozi, kanuni za ushahidi, shtaka la njama, mipaka ya mamlaka ya mahakama, makosa ya kivita, na mwisho mapendekezo yake. Hoja zake kuu zinaweza kuelezwa hivi.

Sheria ya kurudi nyuma. Pal alisema mshindi wa vita ana haki ya kuunda mahakama ya kuwahukumu mateka kwa makosa ya kivita yaliyotambuliwa zamani, kama vile kuua wafungwa. Lakini hana haki ya kutunga kosa jipya baada ya tendo kufanyika, kisha kumwadhibu mtu kwa kosa hilo. Upande wa mashtaka ulitegemea Mkataba wa Paris wa 1928, ambao nchi nyingi, Japani ikiwemo, ziliahidi kuacha vita kama njia ya siasa. Pal alijibu kwamba mkataba huo uliiachia kila nchi kuamua yenyewe kama inajilinda, na haukutaja adhabu kwa mtu yeyote. Kwa maoni yake, hadi 1941 vita vya uchokozi vilikuwa jambo baya, lakini havikuwa kosa la jinai ambalo mtu binafsi angeweza kushtakiwa nalo.

Maana ya uchokozi. Pal aliuliza ni kipimo gani kitumike kutofautisha vita vya uchokozi na vita vingine. Nchi kadhaa zilizokaa kwenye kiti cha hukumu zilitawala makoloni Asia, na makoloni hayo yalipatikana kwa vita. Wakati kesi ikiendelea, Uholanzi ilikuwa inapigana Indonesia na Ufaransa inapigana Vietnam ili kurudisha utawala wao. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na mkataba wa kutoegemea upande wowote na Japani tangu 1941, lakini uliishambulia Agosti 1945. Pal hakusema kwamba makosa ya wengine yanafuta makosa ya Japani. Alisema kwamba kanuni isiyowagusa wenye nguvu bado haijawa sheria ya mataifa yote.

Njama. Kwa Pal, miaka 17 ya historia ya Japani ilikuwa na serikali nyingi zilizoanguka, mawaziri waliopingana, maafisa wa jeshi waliotenda bila amri na hofu ya kweli kuhusu uchumi na majirani. Hakuona ushahidi wa mpango mmoja uliounganisha kundi moja la watu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alieleza matukio kuanzia Manchuria mwaka 1931 hadi Pearl Harbor mwaka 1941, na katika kila hatua aliona sababu nyingine zinazoweza kueleza yaliyotokea.

Ushahidi. Mkataba wa mahakama uliwaruhusu majaji kupokea ushahidi bila kufuata kanuni kali za kawaida. Pal, aliyezoea taratibu za Mahakama Kuu, alilalamika kwamba maneno ya kusikia kwa watu na hati za watu ambao hawakuhojiwa zilipokewa kwa wingi, huku sehemu ya ushahidi wa upande wa utetezi ikikataliwa.

Makosa ya kivita. Sehemu hii husahauliwa mara nyingi. Kuhusu Nanjing, mji wa China uliotekwa Desemba 1937, majaji walio wengi walikadiria kwamba raia na wafungwa zaidi ya 200,000 waliuawa katika wiki sita za kwanza. Pal aliona kwamba baadhi ya masimulizi yalikuwa na chumvi na propaganda. Hata hivyo aliandika kwamba, baada ya kuyapunguza yote yanayoweza kupunguzwa, ushahidi wa ukatili wa askari wa Japani dhidi ya raia na wafungwa ulikuwa mzito kupita kiasi. Alitambua pia ukatili uliofanyika Ufilipino na mahali pengine, na akakumbusha kwamba wengi wa waliotenda kwa mikono yao walikuwa wameshahukumiwa na mahakama nyingine.

Swali lililobaki kwake lilikuwa kama watu waliokaa kizimbani Tokyo waliamuru matendo hayo au waliyaruhusu kwa makusudi. Alijibu kwamba hilo halikuthibitishwa. Jenerali Matsui Iwane, aliyekuwa mkuu wa jeshi lililoteka Nanjing, alikuwa ametoa amri za nidhamu, ingawa hazikufaa kitu. Hirota Koki, waziri wa mambo ya nje, alikuwa amepeleka malalamiko kwa wizara ya jeshi na kuahidiwa kwamba hatua zingechukuliwa. Majaji walio wengi waliona kwamba wote wawili walipaswa kufanya zaidi, na wakawahukumu kifo. Pal aliona kwamba kushindwa kuzuia si sawa na kuagiza.

Bomu la atomiki. Pal alilinganisha kesi hii na ile ya Nuremberg, ambapo amri za maandishi za viongozi wa Ujerumani ziliwekwa mezani. Alisema katika vita vya Pasifiki jambo lililokaribia zaidi amri za namna hiyo, za kuua raia bila kubagua, lilikuwa uamuzi wa kutumia mabomu ya atomiki. Uamuzi huo ulitoka upande wa washindi, na hakuna mahakama iliyouchunguza.

Matokeo ya mara moja

Hukumu pinzani haikubadilisha adhabu. MacArthur alikutana na wawakilishi wa nchi washirika tarehe 22 Novemba 1948 kabla ya kuthibitisha hukumu. Mwakilishi wa Uhindi alipendekeza waliohukumiwa kifo wapewe kifungo cha maisha, lakini MacArthur hakubadilisha chochote. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa maombi ya baadhi ya wafungwa, ikisema haina mamlaka juu ya mahakama ya Tokyo. Watu saba walinyongwa katika gereza la Sugamo tarehe 23 Desemba 1948.

Serikali ya Jawaharlal Nehru ilijitenga na hukumu ya Pal na kueleza kwamba yalikuwa maoni yake binafsi kama jaji. Hata hivyo Uhindi haukuhudhuria mkutano wa amani wa San Francisco mwaka 1951, bali ulifanya mkataba wake wenyewe na Japani tarehe 9 Juni 1952.

Nchini Japani hukumu hiyo haikuchapishwa wakati nchi ikiwa chini ya jeshi la washindi. Utawala huo ulimalizika tarehe 28 Aprili 1952, na mwaka huohuo mwandishi Tanaka Masaaki alitoa kitabu kuhusu hukumu hiyo ambacho jina lake lilitangaza kwamba Japani haina hatia. Kitabu hicho kilisambaza jina la Pal nchini Japani kuliko hukumu yenyewe, ambayo wachache walikuwa na subira ya kuisoma. Maandishi kamili yalichapishwa Kolkata mwaka 1953.

Pal alirudi Japani mara kadhaa. Mwezi Novemba 1952 alitembelea Hiroshima, ambapo mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Agosti mwaka huo uliwaahidi wafu kwamba kosa halitarudiwa. Pal aliuliza hadharani ni kosa la nani, kwa kuwa waliokufa pale hawakurusha bomu lile. Swali lake lilizua mjadala mkubwa nchini humo.

Tume ya Sheria ya Kimataifa

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1966 Pal alikuwa mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, chombo chenye kazi ya kukusanya na kuendeleza sheria za kimataifa kwa maandishi. Aliwahi kuwa mwenyekiti wake mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1962. Katika kikao cha 1958 tume ilikamilisha rasimu kuhusu uhusiano wa kibalozi, ambayo ilikuwa msingi wa Mkataba wa Vienna wa 1961 unaotumika hadi leo kulinda mabalozi. Mwaka 1955 alichapisha kitabu chake kuhusu makosa ya jinai katika uhusiano wa kimataifa.

Kazi hii inaonyesha upande ambao watu wanaomfahamu kwa Tokyo peke yake hawauoni. Pal hakuwa mpinzani wa sheria za kimataifa. Alitaka ziandikwe kwanza, kwa ushiriki wa mataifa yote yakiwemo yale yaliyokuwa yanatoka kwenye ukoloni, kisha zitumike kwa wote.

Mwaka 1959 Uhindi ulimpa nishani ya Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa kati ya nishani za kiraia za nchi hiyo. Mwaka 1966, katika ziara yake ya mwisho, alitunukiwa na mfalme wa Japani nishani ya Hazina Takatifu ya daraja la kwanza. Alifariki Kolkata tarehe 10 Januari 1967.

Mjadala juu ya hukumu yake

Nchini Japani jina la Pal limetumiwa sana na watu wanaotaka kuonyesha kwamba vita vya nchi yao vilikuwa vya haki. Mwaka 2005 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa katika hekalu la Yasukuni mjini Tokyo. Hekalu hilo linaheshimu waliokufa vitani, na tangu 1978 miongoni mwao wamo viongozi 14 walioshtakiwa kama wahalifu wakuu wa vita, wakiwemo wale saba walionyongwa. Mwezi Agosti 2007 waziri mkuu Shinzo Abe alimtaja Pal kwa sifa mbele ya bunge la Uhindi, kisha akaenda Kolkata kukutana na mwanawe. Nchini China na Korea heshima hizo zimeonekana kama njia ya kukwepa historia.

Wanahistoria wa Japani wenyewe wamepinga matumizi hayo. Nakajima Takeshi ameonyesha kwamba Pal alilaani matendo mengi ya Japani, na kwamba kumwachia mtu huru mahakamani si kusema nchi yake ilitenda haki. Nakazato Nariaki amechunguza maisha ya Pal huko Bengal na kueleza jinsi taswira yake nchini Japani ilivyojengwa baada ya vita.

Lawama dhidi ya hukumu yenyewe nazo ni nzito. Wapo wanaosema Pal alikuwa mkali mno kwa upande wa mashtaka na mpole mno kwa maelezo ya serikali ya Japani, hasa kuhusu Manchuria. Wengine wanasema chuki yake dhidi ya ukoloni wa Ulaya ilimfanya asione vizuri kwamba Wachina, Wakorea na Wafilipino nao waliteswa na ukoloni, ule wa Japani. Na kwa familia za waliouawa Nanjing au Manila, hukumu inayokubali kwamba maovu yalitokea lakini haimwoni kiongozi yeyote wa kuwajibika inaacha jeraha wazi.

Wanaomtetea hujibu kwamba kazi ya jaji ni kupima mashtaka yaliyo mbele yake. Jaji anayemtia mtu hatiani kwa sababu umma unadai adhabu, wanasema, anaiacha sheria mikononi mwa mwenye nguvu.

Baada ya Pal

Baadhi ya maswali aliyouliza yalijibiwa baadaye, mara nyingine kinyume na maoni yake. Mwaka 1974 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha maelezo ya maana ya uchokozi. Wajibu wa kiongozi asiyezuia uhalifu wa walio chini yake umekuwa sehemu ya kawaida ya sheria ya kimataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, Tanzania, ilirejea kesi ya Hirota pamoja na maoni pinzani ya jaji Röling katika hukumu yake dhidi ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998.

Kuhusu vita vya uchokozi, mwezi Juni 2010 nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikutana Kampala, Uganda, na kukubaliana juu ya maana ya kosa hilo na namna ya kulishtaki. Mahakama ilipewa uwezo wa kulisikiliza kuanzia tarehe 17 Julai 2018. Kwa hiyo kosa ambalo Pal alisema halikuwa limeandikwa mwaka 1941 sasa limeandikwa, na linahusu matendo ya baadaye tu.

Swali lake jingine bado halijajibiwa. Marekani, Urusi na China hazijajiunga na mahakama hiyo, na kesi ya uchokozi haiwezi kufunguliwa dhidi ya raia wa nchi isiyo mwanachama isipokuwa kwa uamuzi wa Baraza la Usalama, ambamo nchi hizo tatu zina kura ya turufu. Kwa sababu hiyo hukumu ya jaji huyu kutoka Kushtia inaendelea kusomwa katika vyuo vya sheria, hata na wale wasiokubaliana na uamuzi wake.